XnConvert: nimekonveti picha elfu tatu za studio ya zamani, BMP, PCX na TIFF, haya ndo niliyoyaona

Baba yangu mdogo alikuwa na studio ya picha hapa Tanga, Ngamiani, ile ya pazia la bluu nyuma, stuli moja na kioo cha kuchania nywele pale mlangoni. Mwaka 1999 akanunua kompyuta na skana, ile ya mfuniko, na kuanzia hapo kila mtu aliyeleta picha yake ya zamani isafishwe au ikuzwe yeye aliiskani akaisevu, baadaye akapata mashine ya kuchoma CD akawa anazihamishia huko. Alipofunga studio akabaki na CD 31 kwenye boksi la viatu, kila moja kaandika kwa maka peni mwezi na mwaka. Mwaka jana boksi lile kanikabidhi mimi kwa sababu nina steshenari na yeye macho yanamsumbua, akaniambia, "Mwanangu, humu mna watu, usiwaache wakapotea."

Kwa hiyo wadau, programu ninayoiongelea leo nimeifanyia kazi ya kweli kwa miezi minne. GB 19, mafaili elfu tatu na mia moja hivi, mengi ni BMP, mengine ni PCX, na yaliyobaki TIFF. Programu yenyewe inaitwa XnConvert, na kama una CD za zamani ndani ya kabati au flashi ya mzee wako yenye picha ambazo simu inakataa kuzifungua, soma mpaka mwisho, kuna mambo ningeambiwa mapema ningeokoa wiki tatu.

Kilichoniamsha ni mama mmoja wa Pongwe. Alikuja dukani anauliza kama mi ni mtoto wa yule bwana wa studio, nikamwambia shikamoo mama, ndo mimi, akasema marahaba, basi akanieleza kuwa mwaka 2002 alimletea baba mdogo picha ya marehemu mume wake, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya ujana wake, ikakuzwa ikawekwa fremu. Nyumba iliingia maji. Picha ya fremu imekufa na ile ndogo imekufa, na hana nyingine yoyote ya huyo mzee akiwa kijana. "Baba yako alisema ataitunza." Nikachukua CD ya mwaka 2002, nikaiweka, nikaona folda la mwezi, nikaona majina ya mafaili, na jina la mzee lipo, lakini ni PCX na Windows ikaniambia haiwezi kufungua. Yule mama amekaa kwenye benchi ananiangalia, mi sina jibu. Nikamwambia mama nipe muda.

PCX kwa wasioijua ni fomati ya kampuni moja ya Marekani iliyoitwa ZSoft, waliitengeneza miaka ya themanini kwa ajili ya programu yao ya kuchorea, PC Paintbrush, na wakati ule ilikuwa kila mahali, skana nyingi zilikuja na programu inayosevu PCX. Leo simu haiijui kabisa. BMP ni ya Windows wenyewe, hiyo bado inafunguka sehemu nyingi ila ni nzito kupita maelezo kwa sababu kawaida haibanwi, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inaandikwa baiti tatu, nyekundu, kijani na bluu, hata kama picha nzima ni ukuta mweupe. Chukua picha ya sentimeta 10 kwa 15 iliyoskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, hiyo ni pikseli 1181 kwa 1772, zidisha mara tatu, unapata MB 6 na kidogo. Picha moja! Ndo maana CD ya MB 700 ilikuwa inabeba picha mia na kidogo tu, na ndo maana baba mdogo ana CD 31.

Nilianzia pale ambapo wengi wanaanzia, tovuti za kukonveti bure. Sitaji jina, na zipo nyingi. Kwanza bando. GB 19 kuzipandisha halafu kuzishusha tena, piga hesabu mwenyewe kwa bei za sasa. Pili wanakupa idadi ya mafaili kwa siku, ukizidisha subiri kesho au lipia. Hayo mawili ningevumilia. Lililoniuma ni kwamba picha niliyoipandisha ikiwa na pikseli 1181 kwa upana ilirudi ikiwa na 800, hakuna aliyeniuliza, hakuna palipoandikwa, nimegundua baada ya kuprinti nikaona sura imelegea. Na la nne, ambalo baba mdogo aliliuliza kabla yangu: hizi ni sura za watu, watoto, mabibi harusi, maiti waliopigwa picha ya mwisho kabla ya kuzikwa, unazipeleka wapi? Sikuwa na jibu la kumpa. Nikaacha siku hiyo hiyo.

Basi XnConvert. Inatoka Ufaransa, XnSoft, kazi ya bwana Pierre-Emmanuel Gougelet, ambaye alianza na XnView, programu ya kuangalizia picha, tangu 1998. XnConvert yenyewe ni ya kukonveti kwa mkupuo, unaipa folda zima inashughulika. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inasoma fomati zaidi ya 500, na hii 500 nimeielewa siku nilipokutana na mafaili ambayo hata baba mdogo hakumbuki yalitoka kwenye programu gani. Ukishaidaunlodi haihitaji intaneti tena, picha haziondoki kwenye kompyuta yako, na hiyo peke yake kwangu ilitosha.

Ukiifungua unakuta tabu chache kwa juu. Ya kwanza ni ya kuingizia picha, unaburuta folda unaliachia pale, na mafolda yaliyo ndani yake inayachukua. Ya pili ni ya vitendo, yaani kama unataka kuzungusha, kukata, kupunguza ukubwa, kubadili rangi. Ya tatu ndo ya matokeo, unachagua fomati unayotaka na folda la kuwekea. Ukimaliza unabonyeza kukonveti, inakupeleka kwenye tabu inayoonyesha imefika wapi na faili lipi limegoma. Laptopu yangu ni Core i3 RAM 4, ya kawaida kabisa, na CD moja yenye picha 110 ilimaliza nikiwa bado nahudumia mteja wa fotokopi. Inatumia koa zote za prosesa kwa pamoja, na hilo linaonekana kwa macho.

Sasa pale kwenye tabu ya tatu ndo penye kazi yenyewe, hapo naomba tuende polepole.

Chagua PNG. Usichague JPEG kama hatua ya kwanza, nasema hivi nikijua wengi mtakimbilia JPEG kwa sababu ni ndogo na kila simu inaijua. JPEG inabana kwa kutupa. Inagawa picha kwenye vijimraba vya pikseli 8 kwa 8 na ndani ya kila mraba inatupa vile vitu inavyoona jicho halitavikosa, na kila ukifungua ukarekebisha ukasevu tena inatupa tena. Picha ya mnazi na bahari hutaona. Lakini nimekuza picha ya bwana harusi mmoja wa mwaka 2000, kavaa kofia ya mkono, ile yenye matundu madogo madogo, kwenye JPEG pembeni ya kila tundu kuna chenga chenga za kijivu na matundu mengine yameungana, kwenye PNG kila tundu liko pale pale lilipo kwenye BMP. Mtu aliyeishona ile kofia alikaa nayo miezi. PNG haitupi kitu, inabana kama vile unavyokunja nguo, ukikunjua ni ile ile. BMP yangu ya MB 6 ilitoka PNG ya MB 4 na kitu, na zile za vyeti na barua zenye weupe mwingi zilishuka zaidi ya hapo.

Kuna mahali pa kuchagua kiwango cha kubana PNG, kuanzia 0 mpaka 9. Wateja wangu wawili waliniuliza kama 9 itaharibu picha. Haiharibu. Hiyo namba ni juhudi tu ya kompyuta, 9 inachukua muda zaidi na faili linakuwa dogo kidogo zaidi, picha ni ile ile pikseli kwa pikseli. Weka 9 uende kuswali, ukirudi imemaliza.

GIF usiiguse kwa picha za watu, mwisho wake rangi 256. Na hapa kuna kisa ambacho mi nimekipenda sana nilipokisoma, kwamba PNG ilizaliwa kwa sababu ya hasira juu ya GIF. GIF ni ya kampuni ya CompuServe, 1987, ndani yake kuna ubanaji unaoitwa LZW ambao hataza yake, yaani haki ya umiliki wa ubunifu, ilikuwa ya kampuni ya Unisys, na mwisho wa 1994 ikatangazwa kuwa watengenezaji wa programu za GIF walipe. Watu wakakaa kwenye intaneti wakatengeneza fomati mpya isiyo ya mtu, 1996 ikawa tayari, na ndo hiyo PNG tunayoitumia bure mpaka leo. Kwa hiyo unapohamishia picha za familia kwenye PNG unaziweka kwenye nyumba isiyo na mwenye nyumba wa kuja kukudai kodi, hilo mi naliona ni jambo kubwa kwa kitu unachotaka kikae miaka hamsini.

Kitu kingine ambacho karibu nikikose. Kwenye tabu ya matokeo kuna sehemu ya kutiki ili faili jipya libaki na tarehe ya faili la zamani. Itiki. Picha za simu zinabeba tarehe ndani yake, lakini BMP na PCX hazina mahali pa kuandika hayo, tarehe pekee uliyonayo ni ile ya faili lenyewe, siku baba mdogo alipobonyeza kusevu. Ukikonveti bila kutiki, picha zote elfu tatu zinakuwa za leo. Mi nilikonveti CD mbili hivyo kabla sijashtuka, nikarudia. Na kwa tarehe hizo tumeshamaliza ubishi wa ndugu wawili kuhusu arusi ipi ilitangulia, kwa sababu kila picha ililetwa studio wiki ile ile ya arusi yake.

Tiki pia ile ya kuhifadhi mpangilio wa mafolda, la sivyo mafaili yote yanamwagwa sehemu moja na yale yenye jina moja yanagongana. Studio ya baba mdogo kila mwezi una "picha1", "picha2", kwa hiyo fikiria. Hapo hapo kuna kuchagua ifanye nini ikikuta faili lenye jina hilo lipo tayari, mi nimeweka iniulize.

Na ile ya kufuta faili la zamani baada ya kukonveti, wadau, tafadhali, usiitiki. Kamwe.

Tabu ya vitendo iache tupu kwenye mzunguko wa kwanza. Mi nilikuwa nimeweka kitendo cha kupunguza upana uwe 1024 kwa ajili ya kazi ya mteja, nikaleta CD ya baba mdogo juu yake bila kukiondoa, zikatoka picha 110 zimepunguzwa. BMP zilikuwepo salama ndo nikarudia, lakini ningekuwa nimefuta ningemwambia nini baba mdogo? Konveti kwanza kama zilivyo, hiyo ndo nakala mama. Halafu kutoka kwenye hizo PNG ndo utoe JPEG za WhatsApp, utoe za pasipoti, ukate, ung'arishe, ufanye utakavyo.

TIFF ilinipa somo la peke yake. Hii ilitengenezwa na kampuni ya Aldus 1986 kwa ajili ya skana, na faili moja la TIFF linaweza kubeba kurasa nyingi kama kitabu. Baba mdogo alikuwa anaskani hati za viwanja na vyeti vya ndoa hivyo, kurasa nne tano ndani ya faili moja. PNG inabeba picha moja tu. Kwa hiyo kwenye matokeo angalia ile sehemu ya mafaili ya kurasa nyingi uiambie itoe kila ukurasa faili lake, halafu usiamini, hesabu. Mi nilifungua kila TIFF kwanza nikaandika kwenye daftari ina kurasa ngapi, nikalinganisha na PNG zilizotoka. Ni kazi ya jioni mbili. Hati ya kiwanja ya mtu ikikosa ukurasa wa mwisho wenye saini haina maana tena.

Sasa tuje kwenye CD zilizochoka. CD ya kuchoma ikikaa miaka ishirini kwenye boksi Tanga, na hili joto na chumvi ya bahari, sehemu nyingine hazisomeki tena, unanakili faili linakatika katikati. Nilipata kama mafaili 60 ya hivyo. XnConvert kwenye tabu ya hali inakuandikia lipi limegoma, hilo ni zuri maana huhitaji kuangalia elfu tatu moja moja. Lakini kuna yaliyopita, na nilipoyafungua nikaona kitu kilichonitesa kichwa siku nzima: BMP zilizokatika zina miguu, hazina vichwa. Viatu vipo, sketi ipo, mikono iliyoshika maua ipo, kuanzia kifuani kwenda juu ni weusi mtupu. Karibu zote. Nikafikiri CD zimechubuka sehemu moja.

Kumbe BMP inaandikwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa kwanza ndani ya faili ndo mstari wa chini kabisa wa picha, wa mwisho ndo wa juu. Faili likikatika mwishoni unachopoteza ni juu ya picha, na kwenye picha ya studio juu ndo kwenye sura. Nilimweleza baba mdogo akanyamaza muda mrefu, akasema angejua angezichoma mara mbili mbili. Hakuna programu ya kurudisha hapo, XnConvert wala nyingine yoyote, mistari haipo. Ila nimefanikiwa kuokoa 22 kwa kubadilisha tu draivu ya CD: niliazima ile ya nje ya USB kwa jirani, ikasoma palipowashinda wengine, nikarudia kukonveti. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa jaribu draivu nyingine, na nyingine tena.

Na PCX ya yule mama nayo ilikuwa imekatika, mwishoni kabisa, kidogo sana. Ilifunguka lakini rangi vurugu, uso una kijani na zambarau kama picha ya X-ray iliyomwagiwa rangi. Hapa ndo nikajifunza kuwa PCX ya rangi 256 inaweka orodha ya rangi zake mwishoni mwa faili, baiti 769 za mwisho, ya kwanza ni alama ambayo kwenye hesabu za kompyuta inaandikwa 0C, halafu 768 ambazo ni rangi 256 mara tatu. Kila pikseli ndani ya picha ni namba tu, mfano 140, na namba 140 ni rangi gani inasemwa na ile orodha. Orodha ikikatika namba zipo ila hakuna wa kuzitafsiri.

Lakini picha ya mzee ni nyeusi na nyeupe! Na baba mdogo siku ile ile, kwenye folda lile lile, aliskani picha nyingine nyeusi na nyeupe kwa skana ile ile na seti ile ile, na hiyo ilikuwa nzima. Orodha ya vivuli vya kijivu kwenye mafaili mawili lazima ifanane. Nikafungua faili zima kwa HxD, programu ya bure ya kuangalia faili baiti kwa baiti, nikaenda mwisho nikakuta 0C pale inapotakiwa kuwa, nikanakili baiti zile 769, nikatengeneza kopi ya faili la mzee, nikazibandika mwishoni, nikasevu. Nikaiburuta XnConvert, PNG, kiwango 9, bonyeza.

Ikaja. Kijana wa miaka ishirini na ngapi, kavaa shati la kola ndefu, nywele za afro zimechanwa vizuri, mkono mmoja kaweka juu ya redio iliyowekwa kwenye meza ndogo. Chini kabisa kuna kamstari kembamba ka vurugu pale data ilipokatika, nimekakata. Nilikaa naiangalia kama dakika kumi dukani peke yangu.

Nizungumzie na wengine, maana XnConvert haiko peke yake. IrfanView mi naiweka pembeni yake kila siku. Ni ya Irfan Škiljan, mtu wa Bosnia, ameitoa tangu 1996, ni nyepesi ajabu, hata kompyuta ya RAM 1 inaivumilia, ukibonyeza herufi B inafungua dirisha la kukonveti kwa mkupuo. Ni ya Windows tu. Nilipoipendea ni kwamba ikikuta faili lina jina la uongo inakuambia. Baba mdogo kuna wakati alikuwa anabadilisha tu herufi za mwisho za jina, BMP anaiandika JPG akidhani amekonveti, na IrfanView ukilifungua inakuonya kuwa hili ni BMP lenye jina lisilo lake, nikulibadilishie? Kama huna IrfanView fungua faili kwa Notepad, herufi mbili za kwanza zikiwa BM basi ni BMP, hata jina liseme nini.

Wa Linux wanaijua ImageMagick, ipo tangu 1990, hiyo ni ya kuandika amri, ukiwa ndani ya folda unaandika magick mogrify -format png *.bmp na imekwisha, inatoa PNG pembeni ya kila BMP. Ila mogrify ukiipa kazi ya kurekebisha picha bila ile -format inaandika juu ya faili lako la asili, kwa hiyo fanyia kwenye kopi. Kwa anayejua ni ya haraka kuliko zote. Kwa binamu yangu anayenisaidia dukani, ambaye kompyuta kaijulia hapa hapa, XnConvert ndo aliyoielewa kwa siku moja na CD nane za mwisho amezimaliza yeye.

Kuhusu pesa: XnConvert ni bure kwa matumizi ya nyumbani na ya elimu, hata taasisi zisizo za faida. Ukiitumia kikampuni unatakiwa ununue leseni. Picha za baba mdogo nilizifanya kama za familia, lakini watu waliposikia wakaanza kuleta CD zao na mi nikaanza kutoza, hapo nikanunua leseni. Naomba na nyie wenye steshenari mfanye hivyo, huyu bwana kaifanyia kazi kitu hiki miaka yote hii, na picha moja tu iliyorudi kama ile ya mzee thamani yake inapita leseni.

Kasoro ninazoziona: tabu ya vitendo ina vitu vingi sana, mgeni anapotea, na vile vya kutiki kwenye matokeo vimebanana, ile ya tarehe ambayo mi naona ndo ya muhimu kuliko zote unaweza kuipita mara tano. Ningependa iwe imetikiwa yenyewe tangu mwanzo. Nyota nne na nusu kati ya tano.

Yule mama alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimemprintia saizi ya A4 na nyingine ndogo ya kuweka kwenye pochi, na nimemwekea kwenye flashi PNG pamoja na ile PCX ya asili. Aliishika, akasema, "Redio hii aliinunua kabla hajanioa," halafu akakaa kwenye benchi lile lile. Hakutaka kuondoka haraka na mi sikumharakisha.

CD mbili bado hazijasomeka kwa draivu yoyote niliyonayo, ya Machi 2001 na ya Desemba 2003. Nimezifunga kwenye kitambaa laini nimeziweka juu ya kabati. Kama kuna mdau Tanga au Muheza mwenye draivu ya zamani ya CD inayofanya kazi, naomba aniazime kwa siku moja.